Kufuli la Chumba Namba Tano

Kesi ilikuwa imeshaiva, na hilo ndilo lililomkera Stafu Sajenti Leodegar. Msichana amekutwa amekufa Jumanne jioni, mchumba wake ametiwa mbaroni usiku uleule, na leo Ijumaa mkuu wa upelelezi, Afande Theodory, anataka jalada mezani kwake kabla ya magharibi ili Jumatatu kijana apandishwe kizimbani kwa mauaji. Shtaka la mauaji halina dhamana. Ukishaingia mahabusu kwa shtaka hilo, wewe hesabu miaka tu; mama yako atakuja kukuangalia mpaka miguu imchoke, na jalada lako litakuwa bado linaandikiwa "upelelezi unaendelea."

Afande Theodory hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kuhesabu kwa vidole, na asubuhi hiyo alimhesabia Leodegar kama anayemfundisha mtoto. Elisifa, miaka ishirini na sita, kakutwa sakafuni nyuma ya mlango wa chumba namba tano, nyumba ya kupanga kule Majengo. Ndani kuna jiko la mkaa. Daktari kasema kafa kwa hewa ya mkaa, kati ya saa tano asubuhi na saa nane mchana. Mlango ulikuwa umefungwa kwa nje, kwa kufuli. Funguo ni mbili: mmoja kwenye pochi ya marehemu mle ndani, wa pili mfukoni mwa Jovin, fundi wa magari aliyekuwa akiishi naye. Usiku wa Jumatatu waligombana mpaka nyumba nzima ikasikia. Jumanne mchana Jovin alitoweka gereji saa nzima. Tena kufuli lenyewe lina grisi.

"Sasa unataka nini tena?" aliuliza Afande Theodory. "Malaika ashuke atoe ushahidi?"

Leodegar alisema kwamba kufuli la aina ile halihitaji ufunguo kulifunga, ni kulibonyeza tu, hata mtoto anaweza. Mkuu akajibu kwamba basi Jovin alilibonyeza. Leodegar alisaini daftari la vielelezo, akachukua kufuli ndani ya mfuko wake wa nailoni, akashuka kwenda mahabusu.

Jovin alikuwa amekaa chini, viatu hana, mkanda hana. Alimwamkia vizuri. Leodegar alichuchumaa mbele ya nondo akamuuliza habari ya ule ugomvi, na kijana akaeleza bila kuficha. Elisifa alitaka apande Machame na wazee wake, wapeleke pombe ya mbege, wajitambulishe kwa mama yake kama watu wanavyofanya. Yeye alikuwa anapiga danadana. Kwao ni Kibosho, Wakatoliki tangu babu, na ndugu zake walikuwa wanamwambia aachane na Mlutheri, atafute wa kanisani kwake. Mwaka wa pili sasa wanaishi chumba kimoja bila kujitambulisha, na usiku ule Elisifa alimwambia kwamba amechoka kuwa mke wa koridoni.

"Jumanne saa sita ulikwenda wapi?"

"Kwa mjomba wangu, hapohapo Pasua karibu na gereji. Nilikwenda kumwomba awe mshenga. Sikumkuta."

"Ulijuaje kwamba hayupo?"

Jovin alimtazama kana kwamba ameulizwa swali la kijinga. "Mlango ulikuwa na kufuli, afande."

Hakuna aliyemwona akienda, hakuna aliyemwona akirudi. Na jioni alipofungua mlango akamkuta, mbona alitoa jiko nje kwanza kabla ya kuita watu? Jovin alisema chumba kilikuwa kinanuka mkaa, alidhani akitoa jiko Elisifa atapumua. Halafu akafunika uso kwa mikono. Leodegar alisimama, magoti yakalia. Alimwamini, na kuamini kwake hakukuwa na thamani ya senti mbele ya meza ya Afande Theodory.

Gereji ya Pasua ilikuwa uwanja wenye magari matano yasiyo na magurudumu. Mwenye gereji, Davis, alithibitisha yote yaliyokuwa mabaya: ndiyo, Jovin aliondoka saa sita, akarudi saa saba; hapana, hakusema anakwenda wapi; ndiyo, siku hiyo hakuwa na furaha. Alisema hayo huku akijifuta mikono kwa tambara alilolichovya kwenye petroli, na grisi ilikuwa inatoka huku unaiona, weusi wote unahamia kwenye tambara.

Leodegar aliitazama ile mikono. Kisha akaomba tambara.

Alama za vidole zilishachukuliwa Jumatano, zikatoka zimevurugika hazisemi kitu, kwa hiyo hapakuwa na cha kuharibu. Alitoa kufuli mfukoni, akasugua pembe moja tu ya lile doa, taratibu. Akasugua tena. Doa lilibaki palepale, la kahawia iliyoiva, linanata kwa mbali.

Davis aliinama akalinusa. "Hii siyo grisi, afande," alisema. "Grisi naijua kuliko ninavyomjua mke wangu."

Wala Leodegar hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Kwao Rombo alisoma shule ya msingi kwa shati moja lenye madoa kama hayo kifuani, na mama yake alilifua kwa kila sabuni iliyowahi kuuzwa sokoni mpaka akasalimu amri. Utomvu wa mgomba. Ukikata mkungu asubuhi ukaubeba, utomvu unakushuka viganjani, na chochote utakachokishika siku hiyo unakitia alama. Mtu aliyelibonyeza kufuli lile alikuwa ametoka kubeba ndizi mbichi. Wala siyo za kununua, maana za sokoni huwa zimeshakauka pale zilipokatwa. Zilikatwa asubuhi ileile.

Moyo wake ulichangamka kidogo. Alidhani amepata njia ya kumtoa kijana, masikini, na kweli alikuwa ameipata.

Nyumba ile ya Majengo, ramani yake ilikuwa ya vyumba vinne. Mwenye nyumba, ambaye anaishi Arusha na wapangaji wanamjua kwa sauti tu kwenye simu, aliigawa kwa mbao nyembamba zikatoka tisa. Choo kimoja, bomba moja, koridoni giza hata saa sita mchana. Chumba namba tano kilikatwa kutoka namba sita, na katika kugawana huko dirisha likaenda namba sita. Namba tano ikabaki na mlango. Ukuta wa nyuma unapakana na mashine ya kusaga, inayoanza kuunguruma asubuhi na kunyamaza jioni, na kwa ajili ya vumbi la unga wapangaji waliziba kila upenyo uliokuwa juu ya dari. Halafu mtu anauliza hewa ya mkaa iliua vipi!

Hilda, fundi cherehani wa chumba namba nne, mlango kwa mlango na marehemu, alimkaribisha kigoda. Mengi aliyoyasema yalikuwa kwenye jalada tayari. Umeme wa nyumba uliisha tangu Jumatatu na wapangaji wakawa wanategeana nani anunue, kwa hiyo simu zote zilikuwa zimekufa chaji, ya Elisifa ikiwamo. Jumanne asubuhi kila mtu alitoka. Elisifa alikuwa anafua mifuko ya kulalia ya wapanda mlima kwenye kampuni moja ya watalii. Kumbe kule homa ilimshika, msimamizi akamrudisha nyumbani saa tatu. Hakuna mpangaji aliyejua. Julai hii ya baridi hapa Moshi mjini, mtu ana homa, anatetemeka, hana umeme, atafanya nini? Aliwasha mkaa akaingiza jiko ndani, akarudisha mlango, akalala.

Leodegar akauliza kuhusu kufuli. Hapo ndipo Hilda alipomweleza jambo ambalo hakuna askari aliyeuliza, kwa kuwa kila mtu ndani ya nyumba ile aliliona la kawaida. Mwaka jana mpangaji wa namba mbili aliibiwa kila kitu hadi godoro. Wapangaji wakakaa kikao pale koridoni wakakubaliana: ukiwa ndani, kufuli lako unaingia nalo. Ukipita ukakuta mlango umerudishwa na kufuli linaning'inia wazi, ujue mwenzako katoka akasahau, libonyeze. Ndivyo walivyokuwa wanalindana. Hilda mwenyewe aliwahi kufungiwa hivyo mara tatu, akashukuru.

"Na Elisifa siku hiyo alisahau kuingia nalo," alisema Leodegar.

"Mtu ana homa, afande."

Basi nani alilibonyeza? Wapangaji wote nane walikuwa makazini mchana ule, na Leodegar alikuwa ameshawahakiki mmoja mmoja tangu Jumatano. Akauliza kama kuna mgeni aliyekuja. Hilda hakumwona mgeni. Ila aliporudi saa kumi alikuta ndizi mlangoni kwake, chane tatu za mshare, zile za kupika, zimefungwa kwa majani makavu ya mgomba. Hakushangaa. Mama yake Elisifa, Mama Tabitha wa Machame, akishuka sokoni huwa anamwachia mwanawe ndizi, na asipomkuta anaziweka kwa Hilda.

"Kwa nini asiziache chumbani kwa mwanawe?"

"Haingii mle. Huwa anasimama hapo koridoni, anapiga hodi, Elisifa anatoka, wanaongea wamesimama. Anasema kile ni chumba cha kulala, kina kitanda cha mkwe, na mkwe mwenyewe hajajitambulisha. Ataingiaje?"

"Zile ndizi mlizifanya nini?"

Hilda aliangalia chini. "Tulizipika. Usiku ule watu walijaa, afande, na hapakuwa na kitu kingine cha kuwapa."

Leodegar alifungua jalada pale kwenye kigoda. Maelezo ya mama wa marehemu yalichukuliwa na konstebo mmoja Jumatano, hospitalini, mistari minne: *Jumanne nilishuka sokoni. Nilipita kwa binti yangu, sikumkuta. Nikarudi nyumbani. Naomba sheria ichukue mkondo wake dhidi ya Jovin.* Alisoma mstari wa pili mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu. Ulijuaje kwamba hayupo? Kijana wa watu alishamjibu asubuhi ile, nyuma ya nondo.

Mungu wangu, alisema, na alisema kwa sauti, kwa maana Hilda alimuuliza kulikoni.

Alimwomba kitu kimoja tu, akamwomba radhi kwa kumwomba: aingie namba tano, arudishe mlango, ahesabu mpaka kumi kisha agonge kwa nguvu zake zote na kupiga kelele. Leodegar akatoka mpaka mlango wa mbele wa nyumba, mahali ambapo mtu mwenye safari yake angekuwa ameshafika. Mashine inasaga. Alisikiliza. Hakusikia hata kidogo. Hilda alipotoka alikuwa analia, akaingia chumbani kwake bila kuaga.

Alimpigia simu Afande Theodory akiwa amesimama barabarani. Mkuu alisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

"Mama mzazi," alisema mwishoni. "Unajua unachokiomba? Mwanasheria wa serikali anaweza kumgeuzia yeye shtaka. Kuua bila kukusudia."

Leodegar alisema anajua.

"Na bila maneno ya mama mwenyewe huna kitu. Una doa. Niletee maelezo yake yenye sahihi leo, la sivyo jalada linakwenda lilivyo."

Njia nzima ya kupanda Machame alikuwa anatafuta namna ya kulikwepa. Mazishi ni kesho. Angeweza kungoja mama azike kwanza. Lakini kesho jalada litakuwa limeshaondoka, na Jumatatu Jovin ameingia gerezani. Angeweza kunyamaza kabisa. Mama angebaki na mtu wa kumchukia, na chuki ingemshikilia asianguke. Kijana angeoza taratibu. Leodegar aliwaza hayo yote kwa haki kabisa, akaona kwamba vyovyote atakavyofanya leo atakuwa amemzika mtu.

Turubai lilikuwa limeshafungwa kati ya nyumba na migomba. Wanaume wanachimba kaburi kihambani, kwenye shamba la ukoo, upande wa juu, udongo mwekundu umelowa manyunyu. Mwili ulikuwa umefika tangu saa sita, umelazwa sebuleni, na wimbo wa kanisani unapanda na kushuka ndani. Leodegar alimwomba shemeji wa mama amwitie nje mara moja, kwa mambo ya kiserikali. Mama Tabitha akatoka akiwa amejifunga kanga mbili, mwanamke wa miaka sitini na kitu, mfupi, mwenye viganja vipana. Leodegar alimwamkia shikamoo. Wakaenda nyuma ya nyumba, penye banda la ng'ombe, ambako hapakuwa na watu.

Kabla hajafungua kalamu, mama ndiye aliyeuliza. Alitaka kujua kama Jovin atanyongwa.

"Mama," alisema Leodegar, "naomba unieleze tena safari yako ya Jumanne. Ulipofika mlangoni kwa Elisifa, kufuli lilikuwaje?"

"Lilikuwa linaning'inia, wazi."

Akaendelea mwenyewe, wala hakuhitaji kusukumwa. Ilikuwa saa tano hivi. Alipiga hodi mara mbili, kimya. Na ile mashine, mtu husikii hata roho yako. Akajua mwanawe kawahi kazini akasahau kufunga, kama alivyokuwa anasahau banda la mbuzi tangu mdogo. Kusukuma mlango, hapana. Mama hasukumi mlango wa chumba chenye kitanda kimoja anacholala mwanawe na mwanamume. "Basi nikalibonyeza, nikamfungia," alisema, "wezi wasije wakamsafisha. Ndizi nikaziweka kwa yule binti wa cherehani."

Alisema hivyo kwa wepesi, kama anayeeleza alivyofunika chungu. Mawazo yake yalikuwa kwa Jovin. Halafu akasema jambo ambalo hakumwambia konstebo, kwa aibu. Siku ile alishuka ili kumwambia Elisifa kwamba amekubali. Amchukue huyo kijana, Mkatoliki hivyohivyo, wajitambulishe, mbege akipeleka ndoo moja hatamdai ya pili. Usiku kucha alikuwa ameyapanga maneno hayo. Alipomkosa akasema atayaleta Jumanne ijayo.

Leodegar aliandika yote. Aliandika kwa herufi kubwa kama za mwanafunzi. Manyunyu yalianza tena juu ya bati la banda, wakasogea chini ya paa.

Utaratibu ni kwamba maelezo lazima asomewe mtoaji kabla hajatia sahihi. Hakuna aliyewahi kuufikiria utaratibu huo kuwa ukatili. Leodegar akasoma, pole pole, jina, umri, kijiji, kazi mkulima. Akasoma safari ya sokoni. Akasoma: "Nilifika saa tano asubuhi. Nilikuta mlango umerudishwa na kufuli linaning'inia wazi. Nilipiga hodi mara mbili. Nikalibonyeza kufuli likafungika, nikaondoka."

Mama Tabitha akainua mkono. "Rudia hapo."

Akarudia. Alipokomea hapo, mama hakumwambia aendelee.

"Daktari alisema alikufa saa ngapi?"

"Kati ya saa tano na saa nane."

Alikuwa anafikiri kwa uso wake wote. Ulikuwa unaona jambo linaingia, halina pengine pa kwenda, linazidi kuingia. Aliushika mti wa banda kwa mkono mmoja. Leodegar alijiandaa kumdaka, lakini hakuanguka.

"Alikuwa ndani," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Nikipiga hodi."

"Alikuwa amelala. Homa ilimzidi."

Sebuleni walianza wimbo mwingine. Mtu aliita jina la mama kutoka jikoni, akaliita tena, akaacha.

"Aligonga?"

Katika miaka ishirini na saba ya kazi Leodegar alikuwa hajawahi kumdanganya shahidi. Alikuwa amewatisha, amewabembeleza, amewanyamazia, kudanganya, hapana. "Hakugonga, mama," alisema. "Alipitiwa na usingizi tu. Hakujua kitu."

Mama Tabitha alimtazama kwa muda. Hakuwa na hasira naye hata kidogo. Alimtazama kama mtu anayemhurumia.

"Nimemwosha mimi mwenyewe leo asubuhi kule mochwari, baba," alisema. "Kucha zake niliziona zilivyovunjika."

Akachukua kalamu mkononi mwa Leodegar, akasogeza karatasi kwenye ubao wa banda.

"Nionyeshe pa kusaini. Yule kijana wamtoe."